Debe la Maji na Mawe ya Ratili

Sogea karibu kidogo, msikilizaji wangu, wala usiogope ukisikia nimetaja hesabu. Hii ni ya kuzidisha tu, na kama uliwahi kunyanyua ndoo ya maji kutoka sakafuni ukaiweka mezani, basi umekwisha kuifanya kwa mgongo wako. Kilichobaki ni kuipa majina. Nitakwenda polepole. Nikikuacha nyuma, kosa litakuwa langu.

Kitu chochote ukikipandisha, kinapokea kitu kutoka kwako. Huwezi kukiona kitu hicho. Debe la maji lililo juu ya kabati linafanana kabisa na debe lililo chini. Lakini likiteleza likaanguka ndipo utajua kwamba ile kazi uliyoifanya kulipandisha haikupotea. Ilikaa humo, ikingoja njia ya kutokea. Vitabu vya fizikia huiita nishati tuli. Darasani mimi niliiita akiba ya kimo, na wanafunzi walinielewa haraka zaidi. Ukitaka kujua akiba hiyo imebadilika kiasi gani, chukua kilo za kitu chenyewe, zidisha kwa kumi, maana dunia huvuta kila kilo kwa nguvu inayokaribia kumi, kisha zidisha kwa mita kilizopanda. Jibu lake huitwa juli. Kikishuka, akiba inapungua kwa hesabu ileile. Na angalia neno "imebadilika". Hatuulizi kitu kiko juu kiasi gani. Tunauliza kilianzia wapi na kimeishia wapi.

Hayo niliyajua kwanza kwa chaki na ubao. Kwa maji nilikuja kuyajua Kariakoo, miaka ile ya Ujamaa tulipokuwa tukipanga foleni ya unga, foleni ya sukari, foleni ya sabuni, na watu wakichoka kusimama waliacha mawe yashike nafasi zao, wao wakaenda kukaa kivulini. Nilikuwa mwalimu mgeni, msichana kutoka uwanda wa Newala, nimepangiwa shule ya mjini na kupewa chumba ghorofa ya tatu katika jengo moja lililo upande wa Gerezani, ambako mchana kutwa husikika nyundo za mafundi. Jengo hilo lilikuwa la tajiri kabla halijawa la umma. Rangi ilikuwa imekwisha ukutani, lakini roshani zake zilikuwa bado nzuri, za chuma kilichopindwa maua, na kutoka kwangu niliona mapaa ya mabati yakifuatana hadi sokoni.

Kuona watu si kukaa nao. Niliwaona kina mama wakianika nguo, wapagazi wakivuta mikokoteni, wauza kahawa wakigonganisha vikombe, na hakuna hata mmoja aliyeinua uso. Nikifunga mlango Jumamosi mchana, sauti yangu mwenyewe nilikuwa naisikia tena Jumatatu asubuhi ninapowaambia wanafunzi wakae. Kupika kwa ajili ya mtu mmoja ni kazi ngumu kuliko watu wanavyodhani. Ugali ukiupima kidogo unaungua, ukiupima vizuri unabaki, na ukibaki unakutazama. Pale uani, kwenye bomba, madebe yalipangwa foleni kama watu, kila moja na alama yake. Langu nilikuwa nimelipaka msalaba wa rangi nyeupe. Nilisikia siku moja mtu akiuliza, "Hili la nani?" na mwingine akajibu, "La mwalimu wa juu." Hapo nikajua kwamba debe langu limekwisha kuwa mwenyeji pale, mimi bado.

Kwetu Newala maji yako bondeni na watu wako juu uwandani, kwa hiyo kila mtu anajua kwa magoti yake kwamba maji yana kimo. Kariakoo ni bapa kama sinia. Mkokoteni ukiuacha katikati ya barabara bila kuuwekea kizuizi, ukirudi utaukuta palepale. Kimo pekee kilichokuwapo ni kile ambacho watu walikuwa wamekijenga, na mimi nilikuwa nimewekwa juu kabisa, na bomba la ghorofa ya tatu lilikuwa kavu. Maji ya mjini nayo hupanda kwa akiba. Yakitoka kwenye tangi lililoinuliwa, yakapita mitaa mingi yenye mikono mingi inayofungua, akiba inapungua, na yanafika kwenu yakiwa na nguvu ya kupanda hadi mahali fulani tu. Kwenye jengo letu yaliishia uani.

Kwa hiyo tulipandisha kwa mikono. Na ni kwenye ngazi nilikokutana na jirani yangu.

Ghorofa ya tatu ilikuwa na milango miwili, wangu na wa bibi mmoja mjane, wa ukoo wa Kiarabu, ambaye mumewe alikuwa na duka la tende na mchele mtaa wa nyuma. Mume alifariki, duka likafungwa, watoto wao wakaenda ng'ambo kila mmoja kwa njia yake, yeye akabaki na chumba na sebule. Mpagazi aliyekuwa akimpandishia maji alikuwa amerudi kwao kulima, kama wengi walivyohimizwa wakati ule. Jioni hiyo nilimkuta amekaa kwenye ngazi, kopo la maji miguuni, buibui limelowa upindo.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Usinione nimekaa ukadhani nimefika. Miguu iko hapa, moyo bado uko ghorofa ya kwanza, naungoja upande."

Nikalichukua lile kopo. Kesho yake nikabeba debe lake baada ya kupandisha langu. Alikataa, nikabeba, akakasirika, nikabeba, siku iliyofuata akawa ameacha mlango wazi na kahawa iko mezani. Sukari haikuwapo, tende zilikuwapo mara mojamoja. Hapo ndipo jioni zangu zilipopata mahali pa kukaa. Aliniuliza habari za wanafunzi kana kwamba anawajua, akanifundisha kukunja kaniki isishike mikunjo, akanicheka nilivyotamka maneno ya pwani. Nilikuwa narudi kwangu mlango wa pili tu, lakini nilikuwa narudi kutoka kwa mtu.

Ndipo msafiri mmoja kutoka Tanga akaja na salamu. Mtoto wa mdogo wake Bibi, ambaye alikuwa na duka huko, alikuwa amesikia kwamba mama yake mkubwa anaishi juu bila maji. Alisema Idi ikipita atakuja kumchukua.

"Na wewe wataka kwenda, Bibi?" nikamwuliza.

"Hapa nimezaa, hapa nimefiwa. Tanga nitakuwa mgeni wa mke wa mtu jikoni kwake." Akazungusha kikombe. "Yeye si mbaya. Hoja yake ni maji. Akiona nateka maji yangu mwenyewe, hanitoi."

Nikamwambia atateka. Nilisema kwa ujasiri mkubwa, maana nilikuwa nayataka yale maji kuliko yeye.

Jumamosi nikaenda Gerezani kutafuta roda, lile gurudumu lenye mfereji ambalo kamba hupita juu yake. Nikamkuta fundi amekaa katikati ya vyuma vya malori yaliyokufa.

"Roda ya nini, dada? Unafungua bandari?"

"Ya kupandishia maji."

"Maji yanapandishwa na bomba."

"Bomba la kwetu limeacha kazi."

"Limestaafu!" akadakia mwenzake, na kundi zima likacheka. Fundi akachokora kwenye rundo, akanipa roda nzito iliyojaa grisi. "Hii ilikuwa inanyanyua injini. Maji yako itayaona unyoya. Ila kamba nunua nzima, usije ukatuulia mtu halafu ukasema roda ya Gerezani."

Niliitundika kwenye boriti ya chuma juu ya roshani ya Bibi. Kimo nilikipima kwa kushusha kamba hadi chini, kisha nikailaza sakafuni na kuipima kwa rula ya mbao ya darasani. Mita tisa. Debe letu likijaa vizuri lilikuwa na kilo kumi na nane za maji, na bati lenyewe kilo moja hivi. Kumi na tisa, mara kumi, mara tisa. Juli elfu moja mia saba na kumi kila safari. Huo ndio mzigo, na mikono ya Bibi haikuweza kuvuta kilo kumi na tisa hata nusu ya njia. Roda moja haipunguzi uzito. Inageuza tu upande wa kuvutia.

Lakini kamba ina ncha mbili. Ukifunga kitu kwenye ncha ya pili, kikishuka kitatoa akiba yake, na akiba hiyo italisaidia debe kupanda. Nikafikiri usiku mzima nini kinachoshuka kila siku kutoka ghorofa ya tatu, na asubuhi nikaja kwake nimejaa fahari.

"Maji yenyewe, Bibi! Tuliyofulia, tuliyooshea vyombo. Tunayamwaga kwenye shimo yanashuka bure na akiba yake yote. Tuyatie kwenye debe la pili. Machafu yakishuka, safi yanapanda. Wewe unavuta kidogo tu."

Akanisikiliza mpaka mwisho, mkono kidevuni.

"Maji niliyofulia yanashuka kwa kamba hii?"

"Ndiyo, Bibi."

"Na maji ya kutawadhia yanapanda kwa kamba hiihii?"

"Ndiyo."

"Yanapishana njiani?"

"Katikati, Bibi. Kwa ghorofa ya pili."

"Na yakisalimiana? Tone likaruka?"

Akaanza kucheka, akacheka hadi kahawa ikamwagika kwenye mkeka. "Hesabu yako nzuri, mwanangu, lakini udhu wangu hautalala. Nitafutie kitu kikavu."

Kitu kikavu kilikuwa chini ya kitanda chake. Mawe ya mizani ya marehemu mumewe, ya chuma, yenye vishikio, aliyotoka nayo dukani siku ya kufunga. Kutu ilikuwa imekula maandishi, zimebaki tarakimu. Nikachagua lenye 14 na lenye 7. Jumla ishirini na moja. Debe ni kumi na tisa. Mawe yana kilo mbili zaidi, kwa hiyo debe litapanda lenyewe. Nikayafunga pamoja kwenye ncha ya juu, nikashuka uani, nikajaza debe, nikalifunga kwenye ncha ya chini. Kina mama wa foleni ya bomba walikuwa wamekwisha kusahau foleni.

"Bibi!" nikapaza sauti. "Yaachie mawe, halafu kaa mbali na ukingo! Likianza litakuja mbio!"

Akayaachia. Debe halikutikisika. Lilikaa chini palepale, limenuna.

"Mwalimu," akasema mama mmoja mwenye mtoto mgongoni, "liambie kwa Kiingereza."

Uani kukawa kicheko kitupu. Mimi nazunguka debe, natazama fundo, natazama roda. Kisha sauti ikashuka kutoka juu, ya mtu anayejizuia.

"Mwalimu! Hizo kilo umezisoma wapi? Mawe haya ni ya ratili! Marehemu alikataa kuyabadili!"

Ratili moja haifiki nusu kilo. Mawe yangu ya ishirini na moja yalikuwa kilo tisa na nusu, nusu kamili ya debe. Nilikuwa nafungua mdomo kumwambia ashuke tuanze upya, nikaona kamba inakaza. Bibi alikuwa ameishika upande wa mawe, anaivuta chini kwa uzito wa mwili wake, taratibu, mkono baada ya mkono. Na debe likapanda. Likapita ghorofa ya kwanza, likapita ya pili, likazunguka kidogo hewani, likafika. Vigelegele vikapigwa. Kijana mmoja barabarani akaita, "Oyaa! Bi mkubwa kawa kuli wa bandarini!"

"Kuli babu yako!" akajibiwa kutoka juu. "Ondoka hapo chini, lisikupasue kichwa!"

Sasa nataka ulione jambo hili vizuri, maana ni zuri, na nililiona jioni ile tu, nimekaa mkekani kwake. Debe lilipopanda lilipata juli elfu moja mia saba na kumi. Mawe yaliposhuka yalipoteza kilo tisa na nusu mara kumi mara tisa, yaani mia nane hamsini na tano. Bibi alilipa tofauti yake, mia nane hamsini na tano nyingine. Alivuta kilo tisa na nusu tu. Lakini mawe sasa yako chini, na lazima yarudi. Akishamimina maji, anavuta upande wa pili: mawe yanapanda, yanadai mia nane hamsini na tano, na debe tupu la kilo moja linashuka, linachangia tisini. Analipa mia saba sitini na tano. Jumlisha malipo yake mawili. Elfu moja mia sita na ishirini.

Zidisha sasa kilo kumi na nane za maji peke yake, mara kumi, mara tisa. Elfu moja mia sita na ishirini.

Unaona? Debe limepanda na limeshuka. Mawe yameshuka na yamepanda. Vyote vimerudi vilipoanzia, na mabadiliko yake ni sufuri. Kilichobaki juu ni maji, na ni maji tu yaliyolipiwa. Msuguano wa roda na kamba huongeza kidogo, lakini hesabu yenyewe ni hiyo. Mawe hayakumpunguzia Bibi hata juli moja. Yaliigawa kazi mara mbili, ili pasiwe na mvuto hata mmoja unaoushinda mkono wake. Na kama yangekuwa kilo ishirini na moja kweli, debe lingepanda mbio kama nilivyotaka, halafu mawe yangebaki uani na hakuna ambaye angeyarudisha. Nilimweleza yote haya. Akasema, "Kwa hiyo ratili zimekushinda akili zikakusaidia." Nikakubali.

Wiki zile zilikuwa njema. Nikitoka shule nilikuwa nasimama uani, naye anachungulia kwenye maua ya chuma. "Mwalimu! Nipe!" Ninajaza, nafunga, nagonga debe kwa kidole kumwambia tayari. Linapanda. Debe tupu linarudi na mara nyingine ndani yake mna tende mbili zimefungwa kwenye karatasi. Watoto walikuwa wanakuja kutazama. Kina mama wa bombani wakaanza kunisalimia kwanza kabla sijawasalimia.

Idi ikapita. Mtoto wa mdogo wake akaja, mwanamume mpole wa kanzu nyeupe, ameleta kapu la machungwa. Bibi hakumpa hata nafasi ya kumaliza chai. Alikuwa amevaa vizuri, kanga mpya kiunoni, akasimama roshani kama nahodha. Mimi nilikuwa chini kwenye bomba. Nikajaza, nikafunga, nikagonga. Akavuta. Debe likapanda sawasawa, bila kuyumba, na uani wakapiga vigelegele kama siku ile ya kwanza.

Nilimwona yule bwana akiinama ukingoni. Alilitazama debe, akaitazama roda kwa heshima, akatabasamu. Kisha macho yake yakaifuata kamba kwenda chini, polepole, mpaka yakanifikia mimi, nimeshika bomba, mikono imelowa.

Akashuka. Hakutaka kusema mbele ya mama yake mkubwa.

"Mwalimu, Mungu akulipe. Sijapata kuona kitu kama hiki. Nina swali moja tu. Anayejaza huku chini ni nani?"

"Mimi."

"Ukiwa shule?"

"Hungoja jioni. Amezoea."

"Na wakikuhamisha?"

Walimu tulikuwa tukihamishwa. Barua ilikuwa inakuja, na wiki hiyohiyo unafunga godoro.

"Mimi nitamjazia," akasema yule mama mwenye mtoto mgongoni, na alimaanisha. "Sisi tupo."

Bibi alikuwa amesikia kila neno. Uani kule sauti hupanda bila roda.

Tuliporudi juu alikuwa ameketi, kanga amekwisha kuifungua kiunoni. "Watu wema," akasema. "Sote tumeona. Lakini mtu mwema ana kazi zake. Nitasimama roshani nimngoje apite, nimwite. Leo ataitika, kesho ataitika. Siku nitakayoita nikanyamaziwa, mwanangu, sitakufa kwa kiu. Nitakufa kwa aibu kabla ya kiu."

"Nitakuwa nakuja mapema," nikasema.

"Najua."

"Nitaomba nisihamishwe."

"Najua, mwanangu." Akaniwekea tende mkononi, akaufunga mkono wangu kwa mikono yake miwili, akaushika hivyo. "Maji nimeteka mwenyewe, ameona. Sifukuzwi hapa na maji. Naondoka kwa miguu yangu."

Siku ya kuondoka alisita mlangoni, akayatazama mawe. "Nakwenda nayo. Ni ya marehemu." Nikamsaidia kuyateremsha, moja kila mkono. Kilo tisa na nusu, mita tisa chini. Akiba yote ikaishia magotini mwangu. Gari la kwenda stesheni lilikuwa linangoja. Alipanda, akashusha kioo, akasema neno ambalo sikulisikia kwa sababu ya nyundo za Gerezani, nikaitikia kwa kichwa kana kwamba nimelisikia.

Chumba chake kilikaa kitupu, kisha akapewa karani mmoja ambaye alikuwa anarudi kulala tu. Roda nilikuwa nimeihamishia roshani kwangu. Nilidhani bado itanifaa. Jioni ya kwanza nikajaza debe uani, nikalifunga kwenye kamba, nikagonga kwa kidole. Hakuna aliyevuta. Hakika sikutegemea avute mtu, lakini mkono ulikuwa umekwisha kugonga. Nikapanda ngazi zote hadi juu, nikavuta debe, nikamimina.

Nikakaa mkekani na kukokotoa, maana ndivyo ninavyofanya nikikosa wa kuzungumza naye. Wakati huo nilikuwa na kilo hamsini na mbili. Mara kumi, mara tisa. Juli elfu nne mia sita na themanini, za kujipandisha mimi mwenyewe. Maji elfu moja mia sita na ishirini. Mwili wangu ulikuwa karibu mara tatu ya maji niliyoyafuata. Tulipokuwa wawili hakuna aliyepanda ngazi kwa ajili ya maji. Mmoja alikuwa chini, mmoja juu, na kamba ndiyo iliyokwenda. Katika hesabu zangu zote za debe na bati na mawe, sikuwahi kutuandika sisi, kwa sababu tulikuwa tumesimama mahali petu na hatukubadilika kimo. Mtu aliye peke yake anakwenda chini kujaza na anapanda juu kupokea, na kila debe linadai mwili mzima.

Nikajumlisha. Elfu sita na mia tatu. Kisha nikakokotoa safari ya kawaida, mimi na debe kwenye ngazi kwa pamoja, na ikaja elfu sita mia tatu na tisini. Tofauti ilikuwa tisini tu, na hiyo ni ya bati, ambalo kwenye hesabu ya kamba nilikuwa nimelisahau. Roda haikuwa inaniokolea kitu. Asubuhi nikaifungua kutoka kwenye boriti, nikajitwisha debe.

Niliendelea kuishi pale muda mrefu kuliko nilivyodhani. Ile barua ya uhamisho ilichelewa kuja. Nimefundisha somo hili kwa wanafunzi wengi tangu wakati ule, na wengi wao hulipata sawa kwenye mtihani, maana mtihani huuliza jiwe au ndoo au tofali. Nawe naamini umelipata. Lakini usiishie kwenye ndoo.

Nenda kasimame chini ya ngazi za nyumba unayoishi, au za nyumba ya mtu unayemfahamu aliye juu. Shusha kamba kutoka mlango wa juu hadi sakafu ya chini ili upate kimo cha kusimama wima. Usipime urefu wa ngazi. Jipime uzito. Zidisha kilo zako kwa kumi, kisha kwa mita ulizozipata, uandike jibu. Baada ya hapo ndipo ujumlishe maji.